Waliosema Mama Aikaruwa Hakuomba Vizuri

Siku washarika waliponiaga nikistaafu walinipa mashuka, blanketi zito na mbuzi jike, na kwaya ya akina mama ikaimba mpaka sauti zikakauka. Yote hayo nayashukuru. Kilichonikera ni maneno ya mshereheshaji. Alishika kipaza sauti akasema, "Huyu mama, ndugu zangu, hakuna ombi lake hata moja ambalo Mungu hakulijibu!" Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeketi mbele na shada la maua ya karatasi shingoni, nikatamani kumnyang'anya kile kipaza sauti. Uongo mtupu! Nimeomba na watu maisha yangu yote ya kazi, na makaburi mengi yaliyomo kwenye vihamba vya mtaa wetu, mashamba yanayozunguka nyumba, niliyaombea yasichimbwe. Yalichimbwa, na mimi ndiye niliyesoma ibada.

Ndiyo maana nawaandikia ninyi wainjilisti vijana mnaoanza. Sitawasimulia nilivyopanda ngazi, maana mwinjilisti hana ngazi ya kupanda, ana mteremko tu wa kwenda nyumba hadi nyumba, na habari ya mshahara wake ni fupi mno kuandikwa. Nataka kuwaeleza jambo ambalo chuoni wanalipitia haraka haraka kabla ya mtihani: mtu aliyeomba akakosa aambiwe nini. Na hasa asiambiwe nini.

Nilifika mtaa wangu wa kwanza, huku juu Machame, wakati wa masika. Kanisa lilikuwa la mbao, na kengele yake ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti wa mringaringa. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi nilivyonunuliwa kwa ajili ya mahafali, na kabla sijafika nyumba ya pili kimoja kikabaki kwenye tope. Mwinjilisti Anaeli, mzee niliyepangiwa kujifunza kwake, alikitazama kile kiatu, akanitazama na mimi. "Mwanangu," akasema, "hiyo ni sadaka yako ya kwanza. Kesho vaa buti." Tangu siku hiyo vifaa vyangu vya kazi vikawa buti za mpira, koti la mvua, Biblia iliyofungwa vizuri kwenye plastiki, na kitambaa cha mkononi cha ziada, kwa sababu anayelia mara nyingi hana chake. Kanzu ya ibada ni ya Jumapili. Kazi yenyewe ni ya Jumatatu hadi Jumamosi.

Wapo wazee waliokunja uso kuona wameletewa mwanamke. Mmoja aliniuliza kama nitaweza kupanda mlima na Injili na mtoto mgongoni. Nilimwambia mama yake alipanda mlima huo huo na mzigo wa majani kichwani na yeye mgongoni, na hakuna aliyemuuliza. Hatukuwa marafiki, lakini hakuniuliza tena.

Anaeli hakuwa mtu wa mahubiri marefu. Mwezi wangu wa kwanza tulikwenda kwa baba mmoja kijana ambaye mkewe alikuwa amefariki akijifungua. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na mistari niliyoitia alama kwa vipande vya karatasi, Biblia yangu imejaa kama daftari la mwanafunzi. Tukakaribishwa, tukaketi, tukapewa chai. Nikaanza kufungua plastiki ya Biblia, Anaeli akaniwekea mkono juu ya mkono. Tukanywa chai yote. Hatimaye yule baba akasema, "Mwinjilisti, niliomba vibaya wapi?"

"Hukuomba vibaya popote," Anaeli akamjibu.

"Sasa kwa nini?"

"Sijui, mwanangu."

Kisha akainuka akasema ng'ombe analia, hakuna aliyemkatia majani tangu asubuhi. Akachukua panga pale ukutani, tukashuka wote watatu mpaka kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji, tukakata majani. Yule baba alilia akiwa ameinama na panga mkononi, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Tulipokuwa njiani kurudi nilimshambulia Anaeli kwa maswali. Kwa nini hakumpa hata mstari mmoja? Mwinjilisti gani anasema hajui?

"Mistari nilikuwa nayo," akasema. "Lakini yeye ameuliza swali ambalo sina jibu lake. Ningempa mstari angedhani ndilo jibu, halafu akiona halimtoshi atadhani tatizo ni yeye." Tukapanda kidogo, akaongeza, "Hata Mwana mwenyewe aliomba kikombe kimwondokee, na hakikumwondokea. Utasema na yeye alikosa imani?"

Chuoni tulikuwa tumefundishwa kwamba Mungu hujibu kwa namna tatu: ndiyo, hapana, na ngoja. Ni somo safi sana ukiwa darasani na chaki. Hebu mpelekee mama aliyeshika sweta la mtoto aliyezikwa jana, umwambie, "Mama, hiyo ni namna ya pili." Mimi nimewasikia watu wakisema hivyo, watu wenye stashahada, na sijui waliwezaje kutoka nyumbani mle bila kupigwa na mwiko. Naamini Mungu anasikia. Ningekuwa siamini ningeacha buti zile kwenye tope pamoja na kiatu. Lakini kuamini kwamba anasikia si sawa na kujua anachofanya, na aliyekuambia kazi yako ni kumsemea alikudanganya.

Miaka ya katikati ilijaa maombi ya kila aina, na mengine yalinichekesha. Nimewahi kuombea mvua nyumba za juu ya barabara na jua nyumba za chini yake, wiki hiyo hiyo, watu wa ukoo mmoja, kwa sababu hawa walikuwa wamepanda mahindi na wale wameanika kahawa. Nimeombea ng'ombe ashike mimba, na pikipiki iliyoibwa ipatikane. Pikipiki ilipatikana, na mwenyewe akasimama kanisani Jumapili kutoa ushuhuda mrefu kuliko mahubiri, huku jogoo na mikungu ya ndizi za sadaka vikisubiri mnada nje.

Sikatai shuhuda. Ninachouliza, na nimekiuliza kwenye vikao mpaka nikaitwa mkorofi, ni kwa nini foleni ya mbele ni ya waliopata tu. Sijawahi kumsikia mtu akiitwa mbele aseme, "Niliomba, nikafunga, mume wangu akafa, na bado nimekuja leo." Huyo ndiye ningemsikiliza, hata mnada ungechelewa mpaka jioni! Lakini tunamwacha kiti cha nyuma, anaimba, anatoka, anakwenda nyumbani kulala na swali lake, halafu tunashangaa siku moja haji tena.

Siku hizi wamezidi. Wapo wanaozunguka wodini kule mjini Moshi, kwenye hospitali kubwa, wakiwaambia wagonjwa wapokee, kana kwamba afya ni kifurushi kimefika na wao wamekataa kufungua mlango. Nilimkuta mmoja, kijana mwenye suti inayong'aa, kasimama kando ya kitanda cha bibi wa Kibosho. Bibi alikuwa na rozari yake mkononi, na yule kijana alikuwa anamweleza kwamba hiyo rozari ndiyo inayozuia uponyaji wake. Bibi akanigeukia mimi, mtu asiyenijua, akauliza, "Ni kweli, mwanangu?" Nikamwambia, "Shikamoo bibi. Si kweli. Shika rozari yako." Kijana nikamwonesha mlango. Mlutheri natetea rozari, hebu fikirini! Lakini damu ilikuwa imenichemka, na ningefanya hivyo tena kesho.

Sasa niwaeleze kisa kilichonichemsha kuliko vyote, na hiki hakikuletwa na mtu wa mjini. Kilitoka kwenye viti vyetu vya mbele.

Aikaruwa alikuwa kidato cha pili figo zilipoanza kumsumbua. Baba yake hubeba mizigo ya watalii mlimani, wiki nyingi hayupo, kwa hiyo mama yake ndiye aliyemshusha mjini kusafishwa damu na kumpandisha tena, akiwa amemwegemeza begani kila kona ya barabara. Mtaa mzima tuliomba. Kikundi cha maombi kilifunga chini ya Mzee Ndewario, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti nzuri ya besi, ambaye alikuwa amemfundisha binti yule shule ya Jumapili tangu akiwa hajui kufunga viatu. Nimtendee haki: alifunga kweli, mpaka mashavu yakaingia ndani. Lakini Jumapili moja alisimama mbele ya watu wote akasema, "Nimeoneshwa. Mtoto huyu atapona." Kanisa likalipuka kwa shangwe. Mama Aikaruwa akapiga magoti pale pale sakafuni.

Nilimfuata Mzee Ndewario nje. "Meku," nikamwambia, hivyo ndivyo tunavyowaita wazee wetu, "usimwahidi mama wa watu kitu ambacho hujakishika mkononi."

"Mwinjilisti," akanijibu, "imani yako wewe ni ya chuoni."

Aikaruwa alifariki shule zilipokuwa zinafungwa. Tulimzika kihambani kwao, chini ya migomba, karibu na babu yake. Siku ya kuanua matanga watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi chini ya turubai, wanakula kiburu cha ndizi na maharage, na Mzee Ndewario akaombwa atoe neno la faraja. Akasimama. Akasema maombi yalifanyika kikamilifu na Mungu alikuwa tayari kujibu, ila kuna kitu kilizuia. "Katika nyumba hii," akasema, "imepikwa mbege wakati sisi tumefunga."

Ni kweli ilipikwa. Ilikuwa mbege, pombe yetu ya ndizi, ya mahari ya shemeji yake Mama Aikaruwa, na mke wa kaka mkubwa ndiye anayepika, ndivyo ukoo ulivyo. Angekataa, angesemwa na ukoo. Alipokubali, akasemwa na kanisa. Na mimi nilikuwepo kwenye mahari ile, nikamwona Mzee Ndewario kwa macho yangu akipokea kata ya mbege kwa mikono miwili na kuifuta midomo kwa kiganja. Inaonekana mbege huzuia maombi ikiwa kwenye chungu cha mama, ikishafika tumboni mwa mzee wa kanisa haina neno!

Mama Aikaruwa aliinuka, akakusanya sahani za watu ambao walikuwa hawajamaliza kula, akaingia ndani, akafunga mlango.

Hakuja kanisani tena. Akina mama walipomfuata, hakuwafungulia. Aliwaambia kutoka ndani, "Nendeni mkamwambie Mungu wenu ni mwongo. Aliniahidi kwa mdomo wa Ndewario, akanidanganya." Maneno hayo yalishuka mteremko haraka kuliko maji ya mfongo, na wazee wakaitisha kikao. Pendekezo lilikuwa asimamishwe kushiriki meza ya Bwana mpaka atakapokuja mbele ya usharika, atubu, apokewe kurudi kundini. Msidhani ni aibu ya asubuhi moja tu. Huku kwetu, mtu akifa akiwa nje ya kundi anazikwa bila mchungaji na bila kengele, na wajukuu wake wanakumbushwa hilo kila ukoo unapogombana. Yaani mwanamke aliyemzika binti yake alikuwa anatishiwa kwamba yeye mwenyewe hatazikwa na kanisa.

Kabla ya kikao nilikwenda kwake. Nilimkuta nyuma ya nyumba anamkatia ng'ombe mgomba. Nikachukua panga la pili nikakata. Tulikata kwa muda mrefu, mpaka ng'ombe mwenyewe akaacha kula. Hatimaye akazungumza, bila kunitazama.

"Mwinjilisti, huku kwetu mtu akinikosea anafanyaje?"

"Analeta isale, mama."

Kwa ajili ya wale mtakaosoma hili mkiwa mmetoka mikoa mingine: isale ni lile jani refu la kijani tunalopanda mipakani mwa vihamba. Aliyekosa hulifunga fundo akampelekea aliyekosewa, na aliyeletewa isale hawezi kumfukuza aliyelileta. Hata ugomvi wa damu huanza kusikilizwa hapo.

"Haya," akasema. "Ruwa amenikosea. Mtoto nilimwita Aikaruwa, yaani asante Mungu, nikamshukuru kila nilipomwita ndani. Sasa isale lake liko wapi?"

Nilitamani Anaeli awe hai. Nikamwambia kile ambacho angesema yeye. "Sijui, mama. La kwake siwezi kukuletea, sijatumwa. Lakini kuna jingine ulipaswa kuletewa zamani, na hilo najua litoke nyumba gani."

Kikao kilikuwa Alhamisi, ofisini kwa mchungaji, kijana mpole aliyekuwa na mwaka mmoja tu usharikani. Mzee Ndewario alisoma hoja yake amesimama.

"Amemtukana Mungu," akamalizia.

"Amemwambia Mungu alivyoumia," nikasema. "Waliomtukana Mungu ni waliomwekea maneno mdomoni, halafu yasipotimia wakamtafuta mwanamke wa kumbebesha."

"Mwinjilisti, punguza sauti," mzee mwingine akaniambia.

"Sipunguzi."

"Maombi yakikosa jibu, ipo sababu," Mzee Ndewario akasema. "Mungu hashindwi. Kwa hiyo aliyeshindwa ni mtu."

"Bustanini kule Yesu aliomba mpaka jasho likamtoka kama damu, na alichoomba hakupewa. Niambie, Meku, kule nani alikuwa amepika mbege?"

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Mzee Ndewario alibaki amesimama na karatasi yake. Mchungaji akavua miwani, akauliza kwa upole, "Mzee wangu, ulioneshwa kweli?"

Nilitegemea atapiga meza. Hakupiga. Aliketi. "Niliona hivyo," akasema. Kisha akasema tena, "Nilitaka iwe hivyo. Yule mtoto nilimfundisha kusoma zaburi. Nilifunga mpaka nikaanguka shambani. Kama hakuna kilichozuia, basi mimi niliomba, na Mungu akaniangalia tu."

Hapo nikaelewa kwamba na yeye alikuwa kwenye lile benchi la waliokosa, ila alikuwa hataki kukaa, akamsukuma mwingine. Nilimhurumia. Na hasira yangu haikupungua hata kidogo. Nawaambia vijana, vyote viwili vinawezekana kwa pamoja, msidanganywe kwamba ukimhurumia mtu lazima umwache na uongo wake.

"Unaloogopa wewe," nikamwambia, "ndilo anaishi nalo yule mama kila siku, halafu juu yake umemwongezea na lawama."

Mchungaji akairudisha ile karatasi ya hoja kwa mwenyewe. "Hakuna atakayesimamishwa mbele ya kanisa," akasema. "Watakaokwenda ni sisi."

Tulikwenda Jumamosi mchana, mchungaji, wazee na mimi. Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mzee Ndewario alitangulia na isale mkononi, amelifunga fundo vizuri. Mama Aikaruwa alitoka akasimama mlangoni, akatusalimia kwa adabu, akamwamkia kila mzee shikamoo yake, lakini hakusema karibuni. Akalitazama lile jani.

"Meku, hilo umelichuma wapi?"

Mzee akageuka nyuma, kama vile njia ingemsaidia kujibu. "Hapo mpakani, nilipokuwa napandisha."

"Mpakani kwangu," akasema. "Mbege ilikuwa yangu, kosa likawa langu, na radhi pia nijichumie mwenyewe?"

Mzee mwingine akaanza kusema jani ni jani. Mzee Ndewario akamnyamazisha kwa mkono. Akageuka, akashuka mteremko peke yake kwenye utelezi, na kwake si karibu. Sisi tulisimama pale uani na mvua ikatunyeshea, hakuna aliyetuingiza ndani, na kwa maoni yangu ilitustahili. Aliporudi suruali ilikuwa na tope hadi magotini, inaonekana alianguka njiani, na mkononi alikuwa na isale jingine. Akalishika kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, na ile besi yake yote ilikuwa imekwisha, "nilisema Mungu ameahidi. Hakuniahidi. Nilisema mbege yako imezuia. Sikujua, nilisema kwa sababu niliogopa. Hakuna ulichokosa. Uliomba vizuri."

Mama Aikaruwa alipokea lile jani. Hakulia wala hakutabasamu. Alilitazama, akalishusha pembeni, akabaki amelishika. Mchungaji akasogea, akafungua mikono yake, akasema, "Basi, tuombe."

"Hapana, mchungaji," akasema. "Leo naomba mwenyewe."

Sijui kama kuna aliyefumba macho. Mimi sikufumba. Aliinua uso, mvua ikimwangukia usoni, akaomba kwa sauti ile ile aliyokuwa akizungumza na sisi.

"Ruwa, hawa wamekuja. Bado wewe. Nakusubiri hapa hapa nyumbani."

Wazee wakatazamana, hawajui kama ombi la namna hiyo linaitikiwa. Nikaitikia mimi, "Amina," kwa sauti ya kanisani. Wa pili kuitikia alikuwa Mzee Ndewario.